Kusoma Madoa ya Shaba na Mwalimu Salvatori

Vijana wangu wa maabara, kila nitakachosema humu kigaweni kwa moja na robo. Kanuni hiyo si yangu. Aliipata Mwalimu Salvatori kwa hesabu, mchana kweupe, mbele ya Profesa, nami nimekaa hapo hapo najitetea. Nikiwaambia samaki alikuwa mkubwa kama mtumbwi, gaweni. Nikiwaambia jua lilituchoma mpaka nywele zikatoa moshi, gaweni. Mtabaki na kitu cha kutosha.

Nyinyi leo mnaweka fuwele kwenye mashine, mnakwenda kunywa chai, mkirudi mnakuta atomi zimeshachorwa kwenye kioo, nyekundu na bluu kama shanga za harusi. Siku mliyoniaga mliniuliza sisi wazee tulizionaje bila kompyuta. Nilicheka tu, kwa sababu keki ilikuwa mdomoni. Jibu ndilo hili.

Niliingia kazini Rumonge mwaka wa uhuru, bendera mpya ikiwa bado na mikunjo ya kabatini. Kituo cha utafiti wa mawese kilikuwa nje kidogo ya mji, nyumba ndefu ya mawe iliyotazama ziwa, na siku ile Wazungu karibu wote walikuwa wanafunga masanduku. Mmoja tu alikuwa anafungua. Huyo ndiye Profesa Armand, Mbelgiji aliyezeekea Katanga kwenye shaba, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, hakina haya. Sanduku lake lilikuwa kubwa kuliko nyumba ya mama yangu.

"Weye, kijana! Unajua jenereta?"

"Kama ninavyomjua mama yangu, Bwana."

Nilikuwa najua baiskeli. Lakini baiskeli ina mnyororo na jenereta ina mkanda, na mtu mwenye akili ataona undugu wao. Nikaajiriwa.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mashine ya eksirei. Kituo kiliitaka ili kupima udongo wa mashamba ya michikichi. Profesa aliitaka kwa mambo yake mwenyewe, na kila wiki udongo ulimalizwa upesi ajabu ili mambo yake yapate nafasi. Sasa, bomba la eksirei linachemka kama sufuria ya maharage. Lazima maji yapite ubavuni mwake muda wote, na tangi letu la maji lilikuwa ziwa zima la Tanganyika. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ya sayansi ilikuwa kuwatoa ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye chujio. Wakiziba, maji yanasimama, bomba linakufa, na bomba jingine liko Ulaya. Nilikuwa natoka na ndoo imejaa, nampelekea Mama, anawakaanga kwa mawese yake. Alisema wana ladha ya umeme.

"Mutoto wangu," aliniambia siku moja, "watu ya sokoni wananiuliza munafanya nini mule ndani. Wanasema munatengeneza pesa."

"Tunapiga picha vitu vidogo, Mama."

"Vidogo namna gani?"

"Chukua punje ya chumvi, uigawe mpaka uchoke, halafu wajukuu wako waendelee."

Akanitazama viatu vyangu. "Basi ni kweli. Hamutengenezi pesa."

Jioni nilikuwa nasoma. Palikuwa na masomo ya watu wazima, Kifaransa na hesabu, kwa taa ya mafuta iliyotoa moshi mwingi kuliko mwanga, na hesabu alitufundisha Mwalimu Salvatori, ambaye mchana alikuwa msaidizi wa Profesa. Mtu wa milima ya Bugarama, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia ambalo sijawahi kuliona likifunguliwa vifungo. Alikuwa mtu wa kubana. Sukari aliweka kwa ncha ya kijiko. Salamu alisema "Amahoro" na kupita. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "punguza". Nilimpa jibu la hesabu, akasema punguza. Nilimweleza jinsi mvua ilivyonyesha Muhuta mpaka samaki wakapanda barabarani, akasema punguza. Nilipopata cheti changu, chenye muhuri mkubwa kuliko jina langu, nilimwambia sasa mimi ni msomi namba moja wa pwani hii. Hakusema punguza. Alinipa mkono, akasema, "Kesho uje ndani. Jenereta tumtafutie mutu mwingine."

Ndani nilianza kwa kujifunza kutopumua. Unachukua unywele wa kioo, mwembamba kuliko ndevu ya paka. Ncha yake unaigusisha gundi, gundi unaigusisha punje ya fuwele chini ya lupu, kile kioo cha kukuzia, na punje inapanda juu ya ncha kama ndege juu ya mlingoti. Ukipumua, imekwenda. Ukipiga chafya, piga magoti na ufagio wa manyoya. Mwalimu alifanya mara moja, kimya, akarudi kwenye kiti chake. Mimi nilipoteza fuwele za kutosha kujenga msikiti.

Nini hasa tulitafuta? Profesa alikuwa amechanganya shaba na iodini, ile jamaa ya dawa ya vidonda, akaongeza kimiminika kinachonuka kama samaki aliyesahauliwa mfukoni. Zikatoka fuwele za njano hafifu. Swali lake lilikuwa moja: mle ndani atomi za shaba zimekaaje? Zimejipanga mstari kama watu mbele ya duka la chumvi? Au zimekusanyika, zimebanana kama chikichi kwenye kichala chake? Na kama ni kichala, zimekaribiana kiasi gani?

"Nimechimba shaba, nimeyeyusha shaba," alisema Profesa. "Namna inakaa na ndugu zake, sijapata kuona. Nikufe bila kuona?"

Mzee alikuwa na moyo mbovu na mguu uliovimba, kwa hiyo swali halikuwa la mchezo.

Tatizo la kwanza lilikuwa mimi. Fuwele moja nzuri hukua kwa utulivu. Unamimina kimiminika kimoja juu ya kingine ndani ya mrija, visichanganyike, unasubiri vikutane vyenyewe polepole. Mimi sijaumbwa na kusubiri. Nikisubiri, miguu inakwenda. Ndani ya chumba kile nilikuwa nimeshatembea kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac na kurudi, na sakafu ilikuwa ya mbao. Kila nikipita, mirija inatetemeka, na badala ya fuwele moja safi tunapata vumbi la njano. Kundi la kwanza likaharibika, la pili, la tatu. Profesa alilaumu joto. Mwalimu hakulaumu chochote. Alitazama mirija, akatazama miguu yangu, akachukua chaki na kuchora mstari sakafuni.

"Issa hapiti hapa."

"Mwalimu, mimi ni mwepesi kama unyoya!"

"Unyoya ya mbuni."

Nikahamishia mwendo wangu nje. Nilichonga njia kutoka mlangoni hadi ziwani kwa nyayo zangu, mbuzi wakaanza kuitumia. Na ndani ya mrija mmoja, nyuma ya mstari wa chaki, ikakua punje ya njano yenye pembe kali, safi, imetulia.

Tuliifungia ndani ya kijirija chake cha kioo, tukaziba kwa nta isikauke, tukaiweka mbele ya eksirei. Inazunguka polepole, filamu imeizunguka kama kibandiko cha kopo. Eksirei zikipita kwenye fuwele hutawanyika kwa mpango, zikigonga filamu huacha madoa meusi, mamia kwa mamia. Mahali pa madoa panakwambia ukubwa wa chumba wanamoishi atomi. Weusi wa madoa unakwambia nani amekaa kona gani. Filamu tulizisafisha gizani, na dawa yake haitaki joto, basi karai letu liliogelea kwenye maji ya mtungi. Kisha tulizianika kwenye kamba kama ndagala. Tulikwenda hivyo tabaka kwa tabaka, kila tabaka la madoa na filamu yake, miezi na miezi, kila mafuta ya jenereta yalipopatikana.

Halafu ndipo kazi yenyewe inaanza: kusoma. Hapakuwa na mashine ya kupima weusi. Palikuwa na jicho. Tulikuwa na ukanda wa filamu wenye madoa ya kujilinganishia, kutoka lililopauka kabisa hadi jeusi la mkaa, kila moja na namba yake. Unasogeza ukanda pembeni ya doa, unatazama kwa lupu, unasema namba. Na desturi ya Profesa ilikuwa hii: doa moja, watu wawili. Kila mmoja anasema alichoona, vinaandikwa vyote viwili. Tulikaa dirishani, mimi na Mwalimu, uso kwa uso, mwanga wa ziwa ukija kutoka chini ya filamu.

"Sitini," mimi.

"Arobaini na tano," yeye.

"Mwalimu! Nyeusi yote hii?"

"Macho yako iko na njaa, Issa. Inakula kila kitu."

"Na yako yamefunga Ramadhani mwaka mzima."

"Arobaini na tano."

Hivyo kutwa. Mpishi wa kituo alidhani tunagombania shamba.

Mwisho nilimshtaki kwa Profesa. Nikasema Mwalimu anabana hata weusi wa Mungu. Mwalimu alitoa hesabu. Kumbe kila asubuhi tulipoanza kwa yale madoa machache tuliyoyaita mashahidi, yaliyokuwa yale yale siku zote, alikuwa anatulinganisha. Mimi nilikuza kila doa, lililopauka kwa jeusi, kwa moja na robo. Leo moja na robo, mwezi uliopita moja na robo. Yeye naye alipunguza, siku zote kwa kipimo kile kile. Nikajua sasa narudishwa kwa jenereta.

Profesa alicheka mpaka akashika kifua. "Issa, uongo yako iko sawasawa kila siku! Ile ni muzuri. Ile tunagawanya, inakwisha. Mutu anayebadilika, huyo ndiye anaharibu kazi. Nyinyi wawili, musijirekebishe! Nimekataza!"

Nadhani mimi ndiye mtu pekee Burundi nzima aliyeamriwa na mkubwa wake aendelee kutia chumvi.

Basi tukafika mwaka wa 72 tumebakiza kusoma tabaka moja. Mnajua mwaka huo, au wazee wenu wanajua na hawasemi. Matata yalianzia upande wetu huu wa ziwa, watu wakauawa, watu wakakimbia. Kisha likafuata lile tunaloliita ikiza. Wahutu waliosoma walianza kuchukuliwa maofisini na mashuleni, na hawakurudi. Mwalimu Salvatori alikuwa Mhutu na alikuwa amesoma, na mwaka ule vitu viwili hivyo havikuruhusiwa kukaa ndani ya koti moja.

Mama alivuka kwenda Kigoma kwa ndugu zake, kwa mtumbwi wa jirani, sufuria zake kichwani. Kabla hajaondoka, nafasi moja ilikuwapo mtumbwini. Nilimfuata Mwalimu dirishani.

"Mwalimu, vuka na Mama. Leo."

"Na Mama Goreti?" Huyo ni mke wake, alikuwa Bugarama na watoto. "Barabara ya kule imefungwa. Nitavuka, yeye nimuache na nani?"

"Basi jifiche. Usije kazini."

"Nisipokuja watauliza kwa nini sikuja." Akasafisha lupu kwa pindo la koti. "Kaa, Issa. Miguu yako inatetemesha meza."

Jenereta lilikuwa kimya, mafuta hayakuwapo, lakini kusoma hakuhitaji umeme. Tulisoma. Mimi kila gari likipita barabarani nilisimama. Yeye hakuinua kichwa. Asubuhi moja, jua limeshapanda, jeep ikaingia uani. Wakashuka watu wawili, wakasimama mlangoni, wakamwita kwa jina lake lote. Profesa alitoka ofisini na mguu wake ule, akaanza kusema Kifaransa kwa sauti kubwa. Wakamwambia ni maswali tu, atarudi.

Mwalimu alikuwa amesogeza ukanda pembeni ya doa. Hakuharakisha. Alimaliza kutazama.

"Thelathini," akasema.

Akaweka lupu mezani, upande wa kioo juu usikwaruzike, kama alivyonifundisha. Akaruka mstari wa chaki, ijapokuwa mirija haikuwapo tena. Akatoka nao. Niliandika thelathini kwenye safu yake, kisha arobaini kwenye yangu, kwa sababu mkono haukujua la kufanya jingine.

Profesa alikwenda Bujumbura kuuliza. Akarudi, akaenda tena. Kila mlango ulimwelekeza mlango mwingine. Mara ya mwisho alirudi akakaa kwenye kiti cha jikoni.

Baadaye akaniambia, "Tumalize, Issa. Kama hatumalizi, na ile aliyosoma inapotea." Daktari alikuwa amemwambia arudi kwao kabla mvua hazijaanza, na tabaka lile bila kusomwa lingeiacha shaba nusu gizani. Nikakaa dirishani peke yangu.

Sikuweza. Kila doa nililiona limepauka. Nilisema ishirini, nikasema kumi na tano. Profesa alileta mashahidi, akanisomesha, akahesabu, akakunja uso. Leo nilipunguza, jana nilikuza kidogo, juzi sijulikani. Uongo wangu ulikuwa umepinda.

"Mashahidi wanakukataa," alisema, taratibu. "Issa ya zamani iko wapi?"

"Macho ni yale yale, Profesa."

"Hapana. Unaogopa kusema nyeusi."

Akaniambia pia, kwa aibu, kwamba safu ya Mwalimu tunaweza kuijaza kwa kukisia, maana tunajua alivyokuwa anabana. Nilikataa. Sikuandika namba hata moja badala yake. Baada ya thelathini, safu yake iko tupu mpaka leo.

Nilichofanya ni kurudisha kiti chake mahali pake, uso kwa uso na changu. Nikasimama, nikaanza kutembea, maana tangu siku ile miguu yangu nayo ilikuwa imekaa. Nikafika kwenye mstari wa chaki, nikageuka, nikarudi, nikainamia doa.

"Hamsini," nikasema kwa sauti.

Nilijua angesema nini. Nikamjibu kabla hajasema.

"Hamsini na tano, Mwalimu! Ukinitazama hivyo nitafika sitini!"

Mpishi alichungulia, akaona nagombana na kiti, akafunga mlango polepole. Niligombana na kile kiti kutwa, kesho yake na siku zilizofuata. Nilikiita bahili, nilikiita mfungaji, nilikitukana kila tusi ambalo Mwalimu alilizoea. Profesa alipoleta mashahidi akahesabu, alivua miwani.

"Moja na robo," akasema. Tukatazama ziwa wote wawili, hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake.

Namba zilikwenda Ulaya, kwenye mashine ya kuhesabu ya chuo chake cha zamani, naye akazifuata. Jibu lilinifikia mwaka uliofuata. Shaba ni nne, zimekaa kwenye pembe za piramidi ndogo, na juu ya kila uso wa piramidi imekaa iodini moja. Ni kichala. Zimekaribiana kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Profesa aliona kabla ya kufa. Kwenye karatasi iliyochapishwa, jina la Mwalimu lilitangulia lake.

Nilitengeneza mfano wa kichala kile kwa kokwa za chikichi na spoku za baiskeli, kokwa za shaba nikazipaka rangi nyekundu, nikapanda nao Bugarama. Mama Goreti alinipokea uani. Alikuwa amekonda, amevaa lile koti la kahawia jingine nililokuwa sijui lipo. Kumbe walikuwa nayo mawili. Akanipa kiti.

"Weye ndiye Issa," alisema. "Alinieleza habari zako. Samaki kupanda barabarani."

"Ndiye mimi, Mama."

"Niambie ilikuwa namna gani."

Nikamwambia. Jeep, watu wawili, jua limeshapanda. Lupu, upande wa kioo juu. Hakulia, hakuomba, hakuharakisha. Alimaliza doa lake, akasema thelathini. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya mikono ya koti.

"Haya uliyosema," akauliza, "nigawe kwa ngapi?"

"Haya usigawe, Mama."

Kisha akanyoosha mkono, akakipokea kichala, akakigeuza polepole kwenye mwanga kama mtu aliyefundishwa na mume wake kushika vitu vidogo. Akagusa kokwa za shaba moja moja kwa ncha ya kidole.

"Nne," akasema.

Nilitazama vizuri kabla ya kujibu, kama desturi inavyotaka.

"Nne," nikasema.